Dira inayotafuta kaskazini kwa mwanga

GPS haijui meli imeangalia wapi. Naanza na hili manake kila ukianza kuongelea dira za meli lazima atokee mtu akuambie ah siku hizi si kuna GPS bana, dira ya nini tena, na wala simlaumu, kwasababu ukifungua ramani kwenye simu unaona kale kamshale kameelekea kule unakoenda na unadhani setilaiti ndo zimekaambia. Hapana. Ukiwa umesimama simu inatumia sensa ndogo ya sumaku iliyomo ndani yake, na ukiwa unatembea inalinganisha ulipokuwa sekunde iliyopita na ulipo sasa afu inachora mstari. Kwa setilaiti simu inajua ulipo. Umegeukia wapi haziwezi kuiambia.

Sasa peleka hilo kwenye meli. Meli ikiwa imefungwa gatini, kasi sifuri, GPS ya antena moja haina cha kukuambia kuhusu omo, yaani pua ya meli, iko upande gani, itakupa namba zinazorukaruka tu. Na hata ikiwa safarini, njia inayopita na upande iliouangalia ni vitu viwili tofauti kabisa. Chukua meli inayokwenda noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa, omo imekaa kaskazini sawasawa, afu kuna mkondo wa noti 3 unaoisukuma kutoka magharibi kwenda mashariki, GPS itasema unaenda digrii 14, yaani kaskazini iliyolalia mashariki, lakini wewe uliyesimama kwenye chumba cha usukani ukitazama mbele unaona kaskazini. Yote mawili ni kweli. Otopailoti, mtambo unaoshika usukani badala ya mtu, inahitaji lile la pili, rada inahitaji lile la pili, na nahodha anayepita kwenye mfereji mwembamba anayahitaji yote mawili kwa pamoja, kwasababu meli inayokwenda kimshazari inakula nafasi pana kuliko upana wake wenyewe.

Na usahihi hapa si mchezo. Ukikosea digrii moja tu, chombo unachokiona kwenye rada umbali wa maili 12 kitachorwa karibu mita 390 pembeni ya kilipo kweli. Ukienda maili 60 na kosa hilohilo unakuwa umetoka nje ya njia kwa maili moja nzima, na kuna sehemu za dunia ambapo maili moja ndo tofauti kati ya maji marefu na mwamba.

Ni kweli zipo dira za setilaiti zenye antena mbili au tatu zilizopachikwa mbalimbali juu ya meli, hizo zinalinganisha mawimbi yanavyofika kwenye kila antena na zinaweza kukupa uelekeo mzuri tu. Ila zinategemea mawimbi kutoka angani, na mawimbi hayo ni dhaifu mno, yanazibwa na yanaigizwa. Juni 2017 meli zaidi ya 20 kwenye Bahari Nyeusi, karibu na bandari ya Novorossiysk, GPS zao zilionyesha kuwa ziko kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik, nchi kavu, zaidi ya kilomita 30 kutoka zilipokuwa. Fikiria uko majini kabisa na skrini inakuambia umepaki uwanja wa ndege. Kwahiyo meli inahitaji kitu kinachojua kaskazini bila kuuliza mtu yeyote wa nje, na hapo ndo tunapofika kwenye dira yenyewe.

Dira ya sumaku sina haja ya kuieleza sana, kila mtu anaijua. Ni nzuri, haihitaji umeme, na ndo maana mkataba wa SOLAS, ule wa usalama wa maisha baharini, bado unaidai kwenye meli zote hata ile yenye mitambo ya kisasa kuliko zote. Lakini ina kasoro mbili ambazo hazitibiki. Ya kwanza haikuelekezi kaskazini halisi, inakuelekeza kwenye ncha ya sumaku, ambayo iko kwingine na inahama, mwanzoni mwa karne hii ilikuwa inakimbia karibu kilomita 50 kwa mwaka kutoka upande wa Kanada kuelekea Siberia. Ya pili, meli ni chuma. Chuma kinaivuta sindano, na kinaivuta tofauti kila meli inapogeuka, na ukipakia shehena ya chuma inabadilika tena, ndo maana pembeni ya dira za kizamani unaona yale matufe mawili ya chuma na kuna kadi inabandikwa yenye masahihisho ya kila upande. Mtu anajumlisha na kutoa kichwani usiku wa manane. Na sindano haina njia rahisi ya kulisha namba kwenye rada na kompyuta kwa usahihi unaotakiwa.

Ndo ikaja jairo, dira ya gurudumu linalozunguka. Mwaka 1852 Mfaransa Léon Foucault alionyesha kwamba gurudumu zito likizungushwa kwa kasi kubwa na likaachwa huru linang'ang'ania kuelekea palepale huku dunia inageuka chini yake. Wazo likakaa zaidi ya miaka 50 mpaka Mjerumani Hermann Anschütz-Kaempfe alipochukua hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1904 na kufika mwaka 1908 dira yake ikajaribiwa kwenye meli ya kivita ya Ujerumani. Elmer Sperry wa Marekani naye akaleta yake, mwaka 1911 ikawa inajaribiwa kwenye manowari ya USS Delaware, na bila shaka wakaishia mahakamani kugombania hataza. Mtaalamu aliyeitwa kuisaidia mahakama kwenye kesi hiyo unajua ni nani? Albert Einstein, ambaye kabla ya kuwa yule wa picha zenye nywele timtim alikuwa karani wa ofisi ya hataza, kwahiyo kazi hiyo aliijua. Baadae miaka ya 1920 akaja kushirikiana na Anschütz mwenyewe kuiboresha dira hiyo.

Dira za aina hii zimeendesha meli za dunia nzima kwa miaka mia na bado zipo nyingi tu, na sitaki kuzidharau, ni mashine nzuri sana. Inatumia mzunguko wa dunia na uvutano kwa pamoja, ule mhimili wa gurudumu unavutwa polepole mpaka unalala kwenye mstari wa kaskazini na kusini, na hapo umepata kaskazini halisi, ile ya kwenye ramani, sio ya sumaku. Tatizo ni hilo neno polepole. Ukiiwasha inapepea huku na huku kupita kaskazini, mpepeo mmoja unachukua kama dakika 84, kila unaofuata ni mdogo kuliko uliotangulia, mpaka itulie saa kadhaa zimepita. Viwango vya IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, kwa dira hizi vinaruhusu mpaka saa 6 za kutulia. Maana yake umeme ukikatika katikati ya bahari na dira ikazima una saa kadhaa za kusubiri. Afu kuna gurudumu linalozunguka mfululizo maelfu ya mara kwa dakika, kuna beringi zinakwisha, kuna majimaji ya kubadilisha, kwa hiyo fundi lazima apande meli kila baada ya muda, na fundi wa dira hapatikani kila bandari.

Swali likawa, mbona tusihisi mzunguko wa dunia bila kuzungusha chochote?

Hapa ndo napopapenda mimi. Chukua mwanga, ugawe mara mbili, mmoja uzunguke duara kwa kulia na mwingine uzunguke duara hilohilo kwa kushoto, afu wakutane pale walipoachana. Kama duara limetulia wanafika pamoja. Lakini kama duara lenyewe linageuka, basi kwa ule muda mfupi mwanga ukiwa njiani pale pa kukutania pamesogea kidogo, kwahiyo mwanga unaokwenda upande ule ule wa mzunguko unapaswa kukimbiza pale mahali na safari yake inarefuka, na ule unaotoka upande wa pili unapata njia fupi maana mahali penyewe panakuja kumpokea. Wakikutana mawimbi yao hayalingani tena, na ukipima kutolingana huko unajua duara linageuka kwa kasi gani. Basi. Hakuna kitu kingine. Hakuna gurudumu, hakuna beringi, hakuna sumaku.

Aliyelionyesha kwenye maabara ni Mfaransa mwingine, Georges Sagnac, mwaka 1913, na meza inayozunguka iliyopangwa vioo. Cha kuchekesha ni kwamba yeye alidhani amethibitisha uwepo wa etha, ile kitu waliyoamini imejaa angani kubeba mwanga, wakati Max von Laue alishaonyesha miaka miwili kabla kwamba nadharia ya Einstein inatabiri matokeo hayohayo bila etha yoyote. Sagnac alikosea sababu, jaribio lake likawa sahihi, na leo meli zinaendeshwa kwa jina lake. Huyo Einstein naona kila kona ya hii habari yupo.

Shida ni kwamba tofauti yenyewe ni ndogo kupita maelezo. Dunia inageuka digrii 15 kwa saa, hata mshale wa masaa kwenye saa ya ukutani unaikimbia mara mbili. Mwaka 1925 Albert Michelson na Henry Gale walitaka kuuona mzunguko huo kwa mwanga na ilibidi walaze mabomba yaliyotolewa hewa huko Illinois, Marekani, mstatili wenye urefu wa zaidi ya mita 600 na upana wa zaidi ya mita 300, ili tu mistari ya mwanga isogee kama robo ya mstari mmoja. Ilisogea, na hesabu ilikubali. Ila mstatili wa mita 600 huwezi kuuweka kwenye chumba cha usukani.

Kilichobadilisha mambo ni vitu viwili. Kwanza leza. Mwaka 1963 Macek na Davis, wakiwa kampuni ya Sperry, waliunda jairo ya leza, yaani pete ya vioo ambayo leza yenyewe inazaliwa na kuzunguka humo pande zote mbili. Hiyo ni sahihi ajabu, ndege nyingi kubwa zinaitumia na manowari pia, ila ina kaugonjwa kake: ikigeuka polepole sana mianga miwili inashikana na kukataa kuonyesha tofauti, na mzunguko wa dunia ndo huo wa polepole, kwahiyo wanalazimika kuitikisa muda wote kwa mtetemo mdogo ili isishikane. Inafanya kazi lakini unaona hapo kitu kinachotembea kimesharudi kwa mlango wa nyuma.

Pili ni faiba, huu uzi mwembamba wa kioo ambao ndo unabeba intaneti chini ya bahari. Mwaka 1976 Victor Vali na Richard Shorthill wa Chuo Kikuu cha Utah walifikiria badala ya kutengeneza duara moja kubwa, mbona tusiuzungushe uzi mara nyingi kwenye koili ndogo, kila mzunguko unaongeza tofauti kidogo. Kilomita moja ya faiba ukiizungushia kwenye koili yenye upana wa sentimita 10 unapata mizunguko zaidi ya 3,000 na kitu chote kinaingia mkononi. Biashara ya simu na intaneti ilishusha bei ya faiba na vipuri vyake, mwanga unaotumika mara nyingi ni uleule wa mawasiliano, usioonekana kwa macho, na ndo hivo dira ya mwanga ikawa kitu cha kununulika.

Nilikaa nikapiga hesabu ya koili ya namna hiyo, kilomita moja, sentimita 10. Mwanga unaumaliza uzi wote kwa sekunde 5 kati ya milioni. Katika muda huo, kwa mzunguko wa dunia peke yake, tofauti ya njia kati ya mianga miwili ni kama robo ya upana wa atomu ya haidrojeni. Soma tena hapo. Robo ya atomu. Kifaa kiko kwenye meli inayoyumba, injini inatetemesha sakafu, joto linapanda na kushuka, na kinapima robo ya atomu, na sio tu kuiona bali kuipima vizuri kiasi cha kusema kaskazini iko wapi kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya digrii. Ili upate usahihi huo ukiwa karibu na ikweta jairo yako haitakiwi kukosea zaidi ya kama digrii 0.026 kwa saa, mzunguko ambao ungechukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu kumaliza duara moja.

Inawezekanaje? Sehemu kubwa ya ujanja ni kwamba mianga yote miwili inapita kwenye uzi uleule, kwahiyo chochote kinachoupata uzi kinawapata wote wawili na kinajifuta. Kinachobaki ni mzunguko. Lakini si kila kitu kinajifuta, kwa mfano joto likigusa upande mmoja wa koili kabla ya mwingine linaleta mzunguko wa uongo, ndo maana uzi unazungushwa kwa mpangilio maalum kuanzia katikati yake kwenda nje, ili pande mbili zilizo na umbali sawa kutoka katikati zikae jirani na zipate joto moja. Chanzo cha mwanga nacho sio leza ya kawaida, wanatumia mwanga wenye rangi zilizosambaa kidogo ili uakisi mdogomdogo wa ndani ya uzi usiharibu hesabu. Watu walitumia miaka mingi kwenye mambo madogo kama haya na ndo yanayotenganisha dira nzuri na boksi la bei.

Sasa koili moja inahisi mzunguko kwenye mhimili mmoja tu. Ndani ya dira ziko tatu, zimepangwa kila moja ikielekea upande wake, na pembeni yake kuna sensa tatu za kuhisi uvutano na misukumo. Sensa za uvutano zinasema chini ni wapi. Koili zinasema dunia inageuka kuzunguka mhimili gani. Ukishajua chini ni wapi unaondoa ile sehemu ya mzunguko inayosimama wima na inayobaki, ile iliyolala, inaelekea kaskazini halisi. Kompyuta inafanya hivo mara nyingi kwa sekunde huku ikitoa miyumbo ya meli yenyewe, maana wimbi moja linaigeuza meli kwa kasi kubwa maelfu ya mara kuliko dunia inavyogeuka, na hapo ndo kazi ngumu ya programu ilipo. Ukiiwasha inaanza kukupa uelekeo ndani ya dakika chache na inatulia vizuri kwa muda usiozidi nusu saa hivi. Linganisha na yale masaa ya gurudumu.

Na kuna zawadi ambayo ya gurudumu haina. Kwasababu sensa ziko pande zote tatu, dira ya mwanga inajua pia meli imelala kiasi gani ubavuni, omo imepanda au imezama kiasi gani, na inageuka kwa kasi ipi, na nyingi zinapima hata kupanda na kushuka kwa meli na wimbi. Meli za kupima kina cha bahari zinaishi kwa hiyo kitu, zile zinazotuma mamia ya miale ya sauti chini kwa mpigo mmoja, manake meli ikiyumba kidogo tu mwale wa pembeni kabisa unapiga mahali pengine na ramani ya sakafu ya bahari inatoka na mawimbi ambayo hayapo. Meli zinazosimama palepale kwa propela bila nanga, kama zile za kwenye visima vya mafuta, mara nyingi zinabeba dira tatu za jairo ili moja ikianza kudanganya mbili zilizobaki ziikatae. Antena za intaneti ya setilaiti juu ya meli nazo zinahitaji kujua meli imegeukaje ili zisiipoteze setilaiti. Otopailoti ndo inafaidi kimyakimya, ikipata uelekeo laini usiorukaruka haipigi usukani ovyo, na usukani usiopigwa ovyo ni mafuta yanayobaki kwenye tangi.

Kisheria, meli yenye ukubwa wa tani 500 za kipimo na kwenda juu lazima iwe na dira ya jairo au njia nyingine ya kujua uelekeo isiyotumia sumaku, na dira ya mwanga iliyopimwa na kupewa cheti inahesabika kuwa jairo. Octans ya kampuni ya iXblue ya Ufaransa, ambayo sa hizi inaitwa Exail, ni mojawapo ya zinazojulikana sana.

Lakini tusiifanye kuwa muujiza. Kuna kosa moja halikwepeki na watu wanalisahau kwasababu kifaa ni cha kisasa. Dira inahisi mzunguko, na meli inayosafiri kwenda kaskazini au kusini juu ya dunia ya duara nayo inazunguka, inazunguka kuizunguka dunia. Dira haiwezi kutofautisha, inajumlisha mizunguko yote miwili. Meli ya noti 20 ikielekea kaskazini ikiwa kwenye ikweta, kosa ni karibu digrii 1.3. Ikifika latitudo 60 kosa linakuwa digrii 2 na nusu. Ikielekea mashariki au magharibi hakuna kosa. Linarekebishika kwa hesabu ndogo tu, ila lazima dira iambiwe kasi na latitudo, na kawaida inaambiwa na GPS na kipima kasi cha meli. Umeona hapo? Ile dira isiyouliza mtu wa nje inauliza kidogo. Tofauti ni kwamba haihitaji usahihi mkubwa, latitudo ukiiandika kwa mkono ikakosea kidogo hakiharibiki kitu, lakini ukiiacha na kasi ya noti 20 wakati meli imepunguza mpaka noti 5 utapewa uelekeo uliosahihishwa kupita kiasi, na skrini itaonyesha namba safi yenye nukta desimali bila aibu yoyote. Afisa wa zamu asiyejua kasi inatoka wapi kwenye dira yake, kwa maoni yangu, hajaijua dira yake.

Kosa la pili ni ncha za dunia. Ile sehemu ya mzunguko iliyolala inapungua kadri unavyopanda, latitudo 60 imebaki nusu, latitudo 80 imebaki digrii 2.6 tu kwa saa, na kwenye ncha yenyewe ni sifuri, dunia inageuka chini ya miguu yako kama wima mtupu na kaskazini haipo ya kuihisi. Ndo maana watengenezaji wanaandika usahihi ukizidishwa na kitu kinachokua na latitudo, dira ya sehemu ya kumi ya digrii kwenye ikweta inakuwa ya mbili ya kumi ukifika 60. Kanuni za IMO za maji ya barafu, zilizoanza Januari 2017, zinataka meli iwe na njia mbili za kujua uelekeo zisizotumia sumaku, na ukivuka latitudo 80 lazima uwe na dira ya setilaiti au kinacholingana nayo. Na hapa kuna kisa nakipenda. Yule Anschütz aliyeanzisha yote haya hakuwa baharia wala mhandisi wa dira, alikuwa anataka kufika Ncha ya Kaskazini kwa nyambizi, chini ya barafu, na dira ya sumaku isingefaa ndani ya chuma na jirani na ncha. Akavumbua dira ambayo inakufa palepale alipotaka kwenda. Na wala hakwenda.

Kuna jingine ambalo dira haifanyi hata iwe nzuri vipi, haijui mkondo. Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty ilitoka Bermuda kwenda Boston, waya wa antena ya GPS ukachomoka muda mfupi baada ya kuondoka, kifaa kikahamia kukisia mahali kwa kutumia dira ya jairo na kipima kasi. Dira ilikuwa sawa, kipima kasi kilikuwa sawa. Upepo na mkondo vikaisukuma pembeni kwa zaidi ya saa 30 bila mtu kugundua na ikapanda kwenye fungu la mchanga karibu na Nantucket, ikiwa maili kama 17 nje ya njia. Uelekeo bila mahali ni nusu ya habari, na mahali bila uelekeo ni hivohivo, ndo maana nachoka na ubishi wa kipi bora kati ya GPS na dira.

Matengenezo yake ni rahisi na magumu kwa wakati mmoja. Rahisi kwasababu ndani hakuna cha kulainisha wala cha kujaza, inakaa miaka bila mtu kuifungua. Magumu kwasababu ikifa hakuna wa kuifungua melini, fundi wa umeme wa meli ambaye gurudumu angeweza kulihangaikia, hapa anatoa boksi zima na linarudishwa kiwandani. Wenye meli wenye akili wanabeba mbili. Na hata wakibeba mbili za kisasa kabisa, mabaharia bado wanapima kosa la dira kwa jua linapochomoza au kuzama, wanaliandika kwenye kitabu, na ile ya sumaku iko palepale juu ya paa la chumba cha usukani. Ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mwisho kabisa ufungaji, manake hapa ndo pesa inapopotelea na hapaongelewi. Dira ya mwanga inajua yenyewe imeangalia wapi, ila meli imeangalia wapi haijui. Kama boksi limefungwa likiwa limepinda digrii moja na mstari wa katikati wa meli, basi itakupa digrii moja ya kosa kila siku, kila upande, kila latitudo, milele. Kinachofanyika ni meli ikiwa imetulia gatini wapimaji wanakuja na vifaa vyao, wanatafuta mstari wa katikati wa meli kutoka omo mpaka tezi, yaani mbele mpaka nyuma, wanapima uelekeo wake kwa kutumia alama za nchi kavu zinazojulikana, wanalinganisha na dira inachosema kwa muda, afu tofauti inaingizwa kwenye kompyuta ya dira kama sahihisho la kudumu. Ni kazi ya siku moja hivi. Halafu miaka mitatu baadae mtu anabadilisha kitako cha dira chumba kikifanyiwa ukarabati, anakaza boliti, anaondoka, na lile sahihisho la zamani linabaki humohumo.